Waipa Nilizochagua Mwenyewe

Mume wangu alikuwa dereva hodari na mtunzaji mbaya wa gari. Injini ikikohoa alijua la kufanya, lakini vitu vidogo havikumshughulisha. Taa ya nyuma aliifunga kwa kamba, mlango wa upande wangu haukufungika mpaka upigwe teke, na waipa zilikuwa vyuma vitupu vilivyobakiwa na vipande vya mpira huku na huku. Nikimkumbusha habari ya waipa alinijibu kwamba mvua ya Mombasa haina subira, ukisimama kando ukavuta sigara moja imekwenda zake.

Pikapu hiyo tuliinunua kuukuu, miaka miwili hivi kabla ya Uhuru, wakati tukikaa Mishomoroni. Nusu yake ilitoka kwenye cherehani yangu, na sikumwacha akalisahau hilo. Alikuwa akichukua nazi, makuti na mihogo kutoka Utange akipeleka kisiwani. Siku moja ya vuli nilipanda naye kwenda kumwona shangazi yangu, na wakati wa kurudi mvua ikatushika njiani. Akatoa kichwa nje ya dirisha akaendesha hivyo hivyo, macho ameyakunja, maji yakimtiririka ndevuni, na mimi nimempakata mtoto nikisoma kila dua niliyofundishwa katika chuo cha Kurani. Tulipofika nyumbani nikamwambia kwamba tangu leo waipa ni kazi yangu. Alicheka, akasema nimeajiriwa.

Basi nikaishika kazi. Tulikuwa na fundi wetu Changamwe, mtu wa bara, Mkristo, aliyekuja Mombasa kufanya kazi ya reli akaiacha akafungua banda lake la mabati. Fundi huyo hakuona ajabu kwamba mwanamke anauliza habari za gari, na hilo peke yake lilinifanya nimpende. Alinionyesha kwamba kioo chetu ni bapa, kwa hiyo tusikubali kuuziwa waipa zilizopindwa za magari mapya. Akanifundisha kupitisha ukucha kwenye ukingo wa mpira: ukikwama mahali, hapo pana mkato, na kila mkato utaacha mstari wa maji mbele ya macho ya dereva. Akasema chuma kinachoubeba mpira lazima kikandamize kioo, maana mpira mzuri juu ya chuma kilicholegea ni kazi bure. Gari letu waipa zake zilivutwa na pumzi ya injini, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kupanda kilima zilisita, na ukiachia mguu zilikimbia kama zimefukuzwa. Hilo alisema halina dawa, tulizoee.

Nilikipima chuma kwa uzi wa cherehani, nikafunga fundo, nikauchukua uzi mpaka duka la spea kisiwani. Mwenye duka alinitolea zile ngumu kwanza, akidhani nitashika cha kwanza nitakachopewa. Nikazikunja kama ninavyokunja kitambaa kujua kama kitatulia mwilini, nikamrudishia. Nikamkunjia na za pili. Jozi ya tatu ilikuwa laini, nyeusi, na ukucha wangu ulipita mwanzo mpaka mwisho bila kukwama. Nilirudi nyumbani nimezibeba mikononi kama mtu aliyetoka kwa sonara. Mume wangu alizifunga mwenyewe, na mvua ya kwanza iliponyesha alikuja kunichukua jikoni nikaone. Alikuwa na furaha kweli, na mimi nikavimba kichwa.

Hapa lazima niseme jambo la mume wangu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kabla hajanioa alikuwa mlevi. Sisemi alionja, alikuwa mlevi wa kuokotwa njiani. Utange wagema wa tembo la mnazi hawakosekani, na yeye walimjua wote. Kisha akatubu, akakaa miaka miwili bila kugusa tembo, ndipo akaja kunitaka. Baba yangu hakumpenda, na haki alikuwa nayo. Alimwapisha mbele ya mwalimu wa chuo, kisha akaniambia mbele yake kwamba siku mtu huyu atakaporudia tembo, yeye mwenyewe atakuja kunichukua mimi na mtoto yeyote nitakayemzaa, na hataniuliza mara mbili. Nilikubali. Mume wangu naye alikubali.

Na hakurudia. Miaka minne ilipita. Lakini sifa mbaya haimtoki mtu upesi. Akijikwaa kwenye ngazi ya msikiti watu walitazamana. Akichelewa kurudi, jirani aliniuliza habari zake kwa sauti ya msiba. Hata mimi, na naona haya kuandika haya, alipokuwa akirudi kutoka Utange nilimwendea mlangoni kumpokea kofia, na katika kuipokea nilivuta pumzi karibu na mdomo wake. Alijua ninachofanya. Alisimama pale kidogo, asisogee, mpaka nimalize, kisha akaingia ndani akaomba maji.

Waipa nilizitunza kwa bidii yote. Kila Ijumaa nilikifuta kioo kwa kitambaa na maji matamu kuondoa chumvi ya hewa ya bahari. Nilimkataza mume wangu kuziwasha kioo kikiwa kikavu na vumbi, kwa sababu vumbi huukwaruza mpira na kioo pamoja. Gari likikaa juani niliviinua vyuma vikasimama mbali na kioo, ili mpira usijibandike kwa joto. Wapita njia waliuliza kwa nini gari letu limenyoosha mikono juu, na mume wangu aliwajibu kwamba linasalimu amri ya mkewe.

Lakini jua la kaskazi mwaka ule lilikuwa kali. Kufika mwisho wake mpira ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na ukiukunja unaona mistari midogo kama ya kisigino kilichopasuka. Sasa kwetu kitu kikikauka hupakwa mafuta. Mtoto hupakwa, nywele hupakwa, kisigino hupakwa, bawaba ya mlango ikilia hupakwa, na kwa yote hayo mafuta ni yale yale ya nazi, niliyokuwa nikiyapika mwenyewe kwa tui. Sikumwuliza fundi wala mtu yeyote. Niliketi juu ya boneti saa tano ya asubuhi, kichupa pajani, nikaupaka mpira kwa kidole, taratibu, upande huu na upande huu. Ukang'aa ukawa mweusi tena. Nikaurudia mara ya pili, kwa mapenzi.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na mawingu upande wa bahari, na masika yalikuwa karibu. Mume wangu alikuwa akienda Utange. Nikamtania kwamba leo mvua ikija atanikumbuka. Akasema yeye hunikumbuka hata jua likiwaka, akaondoka.

Mvua ilikuja baada ya alasiri, ile nzito inayoshuka kwa mkupuo. Nilikuwa nikishona. Nikasikia kishindo, kisha sauti za watu, na moyo wangu ukajua kabla sijatoka. Jirani yetu mwenye duka alikuwa na baraza la mawe pale njia inapopinda, na pikapu yetu ilikuwa imeingiza pua ndani yake. Pembe nzima ya baraza ilikuwa imeanguka, na nazi zilikuwa zimetapakaa njiani ndani ya maji. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mlango ulio wazi, mzima. Alikuwa akirudia neno moja, kwamba kioo kiligeuka maziwa, kwamba aliwasha waipa na kioo kikageuka maziwa, hakuona kitu.

Wanaume walitoka dukani. Kila siku saa ile, mwenye duka, fundi cherehani mmoja na wazee wawili watatu hukaa pale wakibishana habari za Uhuru na Mwambao, kama pwani itajitenga na bara. Mvua ndiyo iliyowaingiza ndani. Mwenye duka alitazama mawe yaliyoanguka mahali anapoweka mgongo wake, akapangusa uso, kisha akauliza kwa upole kabisa kama mume wangu anatokea Utange. Hakuuliza zaidi. Wengine wakatazamana.

Mume wangu akanigeukia mimi. Akawaambia labda waipa zimeharibika, mwulizeni mke wangu, yeye ndiye anayezitunza. Alikuwa akinitupia kamba nimvute, na mimi nilichosikia ni kwamba ananitia aibu mbele za watu katika kazi ile moja niliyoiweza.

Nikasema, "Waipa hazina kitu. Nimezichagua mwenyewe, na jana nimezitunza kwa mkono wangu. Wallahi, katika gari hili hakuna kitu kizima kama waipa."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa hasira ningeweza kuijibu. Nikamkaribia, palepale mvuani mbele ya watu wote, nikamnusa. Alinuka mvua na sigara, na mikono yake ilinuka nazi. Tembo lina harufu yake, chachu, nami naijua tangu utoto. Ile haikuwa harufu ya tembo. Lakini mtu akitaka kunusa kitu atakinusa. Nikageuza uso nikarudi nyumbani.

Kioo hakuna aliyekitazama. Walimtazama mtu.

Baba alikuja kesho yake kabla ya adhuhuri, habari zimeshamfikia, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha mlangoni asiingie ndani. Mume wangu alikuja akamwamkia, akamwambia neno moja tu, kwamba hakunywa. Baba hakumtazama. Alinitazama mimi, akasema, "Ndoo twende zetu, mwanangu. Umeapa mwenyewe mbele ya watu kwamba gari lilikuwa zima. Sasa lililobaki bovu ni dereva."

Mume wangu ndiye aliyenibebea cherehani mpaka kwenye mkokoteni. Aliifunika kwa gunia isilowe, akamfunga mtoto vifungo vya shati.  Nilikuwa nimejaa hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kama raha ya mtu aliyengoja jambo miaka minne na sasa limetokea, basi hana haja ya kungoja tena.

Nyumbani kwa wazazi wangu, Kisauni, nilikaa siku nne. Mama alinipikia kama mgonjwa. Siku ya nne nilikuwa nampaka mtoto mafuta baada ya kumkogesha, mbele ya kioo kikubwa cha chumbani kwa mama. Mtoto akapiga kioo kwa kiganja chake, mafuta yote yakabaki pale. Nikachukua kitambaa nilichomkaushia, chenye maji, nikapangusa. Kioo kikaingia ukungu. Nikapangusa tena, na ukungu ukaenea. Kulikuwa na ubaridi wa mvua asubuhi ile, na yale mafuta yalianza kuganda mbele yangu, meupe, na kila nikipitisha kitambaa nilijifuta mimi mwenyewe mpaka nikawa sionekani.

Nilikaa chini sakafuni. Mama aliponiuliza nina nini, nilimwambia mume wangu hakunywa. Akasema, umejuaje. Nikamwonyesha kioo, na yeye mwanzo hakuelewa, akadhani ninalia kwa sababu mtoto amekichafua.

Sikutaka kukosea mara ya pili, basi nikamwachia mama mtoto, nikavaa buibui, nikapanda basi mpaka kisiwani na jingine mpaka Changamwe kumwuliza fundi. Pikapu haikuwako tena bandani. Fundi alinikaribisha ndoo ya kukalia, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema mume wangu alilileta gari kesho yake ya ajali, jioni, kunyoosha bampa. Yeye fundi alipopitisha kidole kwenye mpira, kikateleza. Akakinusa, akacheka, akamwuliza mume wangu ni nani nyumbani kwake anayekaanga mandazi juu ya kioo.

"Mama, mzee wako alichukua ule mpira akaunusa na yeye," fundi akasema. "Hakucheka. Akaniambia nioshe kioo kwa sabuni na maji moto, nifunge mpira mpya, na nisimwambie mtu. Nikaona ni jambo la nyumba ya watu."

Akanieleza pia, kwa sauti ya chini kama anayetoa pole, kwamba mafuta huulainisha mpira siku mbili tatu kisha huuvimbisha na kuuozesha, na kwamba waipa haitaki kitu chochote duniani ila maji safi na kitambaa. Nilimsikiliza kama mtoto wa chuo. Kichwani mwangu nilikuwa nikihesabu siku. Alikuwa amejua tangu siku ileile niliyoondoka.

Nilirudi Kisauni, nikamweleza baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatafuta kofia yake. Kwetu mwanamke hasimami mbele ya baraza la wanaume kutoa hotuba, lakini baba alinitangulia njia nzima mpaka Mishomoroni, na tulipofika kwa mwenye duka aliwaamkia watu, akasema binti yake ana neno, akasogea kando. Walikuwa wamejibana wote kwenye ile nusu ya baraza iliyobaki.

Niliwaambia kwamba niliapa na kiapo changu kilikuwa cha mjinga. Niliwaambia habari ya kichupa cha mafuta, na mara mbili nilizopaka, na kioo kugeuka maziwa kama mume wangu alivyosema. Nikasema kama wangekuwa wamekaa hapa siku ile, mimi ndiye ningekuwa nimewaua, si yeye wala tembo.  Mwenye duka alitazama miguu yake. Mzee mmoja, kwa kutaka kuniondolea aibu, aliuliza kama mafuta ya nazi yanadhuru na breki za baiskeli, na wengine wakashika hilo wakaanza kulijadili kwa juhudi kubwa. Baba akasema yeye ataijenga ile pembe ya baraza. Kisha akaniambia niende nyumbani kwangu, yeye atamfuata mkwewe baadaye amtake radhi.

Nilirudi Kisauni kumchukua mtoto kwa mama, nikaja nyumbani nimembeba. Nitasema kweli: nilitembea haraka. Nilikuwa nimeona haya, lakini nilikuwa nimefanya jambo gumu mbele za watu, na nilitaka alione. Nilidhani nimemrudishia jina lake, nami naja kumpokeza mkononi.

Alikuwa uani akiosha magunia ya nazi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kioo cha mama, fundi, baba, baraza, kiapo. Aliendelea kukamua maji kwenye gunia mpaka nikamaliza. Akasema ahsante, kwa adabu, kama unavyomwambia mtu aliyekuletea barua. Ndipo nikamwuliza lile lililokuwa likinikereketa tangu Changamwe.

"Ulijua tangu siku ya pili. Ungalikuja kwa baba ukaniambia neno moja, ningalirudi siku hiyohiyo. Mbona ulinyamaza?"

Alilitundika gunia kwenye kamba, akalinyoosha pembe zake.

"Ningalikwambia, ungaliniamini kwa sababu ya mafuta," akasema. "Mimi nilikuwa nakungoja uniamini bila mafuta. Nikakungoja siku nne, mke wangu. Na kabla ya hizo, miaka minne."

 Mtoto alimnyooshea mikono. Alimchukua, akamwuliza kama ameshakula, akaingia naye ndani, na mimi nikabaki uani na buibui langu mwilini, nisijue kama nimekaribishwa, mpaka niliposikia ananiuliza kutoka jikoni unga nauweka wapi siku hizi.